Kiswahili Hakina "He": Mdada wa Dar Aliyegeuzwa Mwanaume na Ripoti ya Kazi Yake Mwenyewe

Kuna mdada mmoja hapa Dar, anaishi Kimara, kazi yake ni kuandika programu za kompyuta. Si kuchapa barua, si kutoa fotokopi, si kukaa mapokezi. Anaandika programu. Na imebidi isemwe mara mbili hivyo kwa sababu yeye mwenyewe ameshazoea kuisema mara mbili, kila wiki, kwa watu wazima wenye akili zao.

Ofisi yao iko Kijitonyama, ghorofa ya pili, watu tisa tu. Asubuhi anapanda mwendokasi mpaka Shekilango, hapo anadaka bajaji, na mara nyingi anakuwa wa kwanza kufika. Kwa hiyo mgeni akija mapema anamkuta yeye. Mazungumzo huwa yale yale.

"Dada habari. Nimekuja kumwona injinia."

"Karibu. Ndo mimi."

"Aah, sawa dada. Sasa injinia mwenyewe anafika saa ngapi?"

Hilo neno "mwenyewe" ndo lenye shughuli. Yaani yeye ni injinia wa kushikilia nafasi, mwenyewe yuko njiani anakuja na ndevu zake.

Kuna mgeni alimkabidhi koti amtundikie. Kuna mwingine alimwomba maji ya kunywa, akampa, halafu baada ya nusu saa mgeni yule akakaa kwenye kikao akimsikiliza aliyempa maji akielezea namna data za wateja wake zitakavyohamishwa. Maskini, glasi ilibaki imejaa.

Mdada hakuwa mtu wa kulalamika. Mashoga zake wakimuuliza anasema, "Nikikasirikia kila mgeni, kazi nitafanya saa ngapi?" Na kweli, kutoa maji ni rahisi kuliko kutoa maelezo. Mpaka siku maji yalipozidi unga.

USIKU WA MWISHO WA MWEZI

Kampuni yao ina mfumo unaotumiwa na SACCOS kadhaa za mikoani. Mwanachama analipa rejesho la mkopo kwa simu, kampuni ya simu inatuma taarifa, mfumo unaandika kwenye hesabu ya mwanachama. Kuelezea ni rahisi, kujenga ni kazi ya mwaka mzima, na aliyejenga karibu wote ni mdada huyu. Baadaye akaajiriwa mshkaji mmoja wa kumsaidia, kijana mpole, walisoma chuo kimoja, yeye mwaka mmoja nyuma. Mdada ndiye aliyemfundisha mfumo ulivyo.

Sasa ikafika tarehe ya mwisho wa mwezi mmoja, saa mbili usiku, mhasibu wa SACCOS moja akapiga simu anahema. Mama aliyelipa shilingi 50,000 anaonekana kalipa 100,000. Na siyo mama mmoja. Walikuwa kumi, wakawa thelathini, na kila dakika wanaongezeka.

Kwa asiyejua, mtu kuonekana kalipa mara mbili unaweza kusema ni neema. Siyo. SACCOS ni hela za wanachama wenyewe. Kitabu kikisema ipo na kwenye akaunti haipo, kesho asubuhi watu wanaanza kuulizana nani kala, na chama kilichojengwa miaka kumi kinakufa ndani ya mkutano mmoja.

Mdada alikuwa bado ofisini. Mshkaji alishaondoka, bosi alikuwa safarini Dodoma. Akavua viatu, akakaa.

Kule kampuni ya simu kuna mtu anayeshughulikia kuunganisha mifumo. Walikuwa wakichati miezi minne, hawajawahi kupigiana. Picha ya profaili ni nembo ya Yanga. Mdada alimsevu "Kaka Mitandao". Akamwandikia: "Kaka, samahani kwa usiku huu. Hivi mnatuma taarifa ya malipo mara mbili?"

Jibu likaja baada ya dakika tatu: "Tunatuma tena kama hamjatujibu ndani ya muda. Angalieni seva yenu inachelewa kiasi gani."

Kumbe ndo palipokuwa na ugonjwa. Mwisho wa mwezi watu wote wanalipa pamoja, seva inaelemewa, inachelewa kusema "nimepokea". Kampuni ya simu inadhani taarifa imepotea, inatuma tena. Na mfumo, kwa utiifu wake wote, unaandika tena.

Dawa yake ukiisikia ni ya kawaida. Kila muamala una namba yake ya kumbukumbu, kwa hiyo kabla ya kuandika, mfumo uulize: namba hii nimeshaiona? Lakini taarifa mbili zikifika kwa wakati mmoja kabisa, zote zinauliza, zote zinajibiwa "bado", na zote zinaandikwa. Mdada aliligundua hilo saa saba usiku, baada ya kudhani kamaliza. Ikabidi akaweke sheria ndani kabisa, kule data zinapotunzwa, kwamba namba moja haiwezi kuandikwa mara mbili hata uilazimishe. Halafu akaanza kusafisha zilizokwisha kuharibika, moja moja, huku "Kaka Mitandao" akimtumia orodha sahihi upande wa pili.

Saa kumi na moja alfajiri, adhana ya kwanza ikisikika nje, hesabu zikalingana. Akaandika: "Asante sana kaka. Mungu akubariki."

"Amina. Sasa kalale."

RIPOTI

Bosi aliporudi alifurahi hadi akataka kulia. Siyo mtu mbaya, na hilo ni muhimu kulijua mapema. Akaandika ripoti kwa bodi za SACCOS, kwa Kiswahili, na akamsifia mfanyakazi wake kwa maneno mazuri: injinia wetu alikesha ofisini, yeye ndiye aliyegundua chanzo, kazi yake imeokoa hesabu za wanachama. Chini akamshukuru hata mhudumu wa ofisi aliyewahi asubuhi na chai.

Jina hakuandika. Kwa mazoea yake jina la kampuni linatosha.

Ripoti ikamfikia mfadhili wa mradi, watu wa Ulaya. Afisa wao hajui Kiswahili, akafanya ambacho kila mtu angefanya: akaibandika kwenye mashine ya kutafsiri. Ikatoka Kiingereza safi kabisa. Injinia akawa "he". Kazi yake ikawa "his". Mhudumu wa chai akawa "she".

Mhudumu wa chai pale ofisini ni kaka mmoja wa Kigoma, ana kifua kama mlango. Mashine ilikosea wote wawili kwa mkupuo mmoja.

Hapa ndo penyewe. Kiswahili hakina "he" wala "she". "Yeye" ni yeye. "Ameandika" anaweza kuwa mjomba, anaweza kuwa shangazi. Wengi tunajivunia hilo, tunasema sisi lugha yetu haibagui. Lakini sentensi ya Kiswahili ikivushwa kwenda Kiingereza, lazima mtu achague, na aliyechagua hapa ni mashine iliyojifunza kutoka kwenye maandishi ya watu.

Na siyo stori ya ofisi moja. Mwaka 2017 watafiti walichapisha kwenye jarida la Science mfano wa Kituruki, lugha ambayo nayo haina "he" na "she": sentensi ya daktari ilitafsiriwa kuwa mwanaume, ya nesi ikawa mwanamke. Mwaka uliofuata watafiti wa Brazil wakajaribu majina ya kazi kwenye lugha 12 za namna hiyo, Kiswahili kikiwemo. Mashine ilielemea upande wa wanaume, na kwenye kazi za sayansi na teknolojia ndo ilizidi. Desemba 2018 Google Translate ikaanza kutoa majibu yote mawili, la kike na la kiume, kwa sentensi za Kituruki kwenda Kiingereza. Maana yake hata wao waliona kuna ishu.

Lakini mashine tuiache kwanza. Kilichofuata kilifanywa na watu.

KIKAO

Wiki mbili baadaye kukawa na kikao cha video. Ofisini walikaa watatu mezani: bosi katikati, mshkaji kulia mbele ya kamera, mdada pembeni kwa sababu waya wa chaja yake haufiki kwingine. Kwenye skrini, kule Ulaya, wakaonekana bega lake na nusu ya mkono.

Afisa akaanza kwa furaha. Akamwangalia mshkaji moja kwa moja akasema, kwa Kiingereza, kwamba hatimaye anakutana na yule injinia aliyekesha. Akampongeza. Akasema awamu ya pili ya mradi wangependa yeye ndiye awe kiongozi wa kiufundi.

Mshkaji akatabasamu. Akasema, "Thank you."

Sekunde zikapita. Bosi akaangalia karatasi zake. Mdada akaangalia mkono wake mwenyewe kwenye skrini, ule nusu. Mdomo ulifunguka, halafu kikao kikahamia kwenye bajeti.

Kwa nini hakusema? Swali hilo aliulizwa sana baadaye, hasa na watu ambao hawakuwepo. Jibu lake ni kwamba kusema "ni mimi" mbele za watu, kwa binti aliyelelewa alivyolelewa, kunafanana sana na kujisifu. Mwanaume akisema "ni mimi niliyefanya" anajiamini. Mwanamke akisema hivyo anajisikia. Hiyo siyo sheria iliyoandikwa popote, lakini kila msichana anaijua kabla hajamaliza darasa la saba.

Siku nne baadaye rasimu ya mkataba ikafika. Kiongozi wa kiufundi: jina la mshkaji. Na posho yake imeandikwa hapo hapo. Mdada akapiga hesabu bila kutaka. Ile posho ya miezi michache tu ilikuwa inamaliza kodi ya nyumba ya miezi sita, ile ambayo mwenye nyumba wa Kimara alikuwa ameshaikumbushia mara mbili kwa sauti ya upole inayotisha.

Akaenda kwa bosi.

"Bosi, mkataba umeuona?"

"Nimeuona mdogo wangu. Hata mimi imenishangaza. Ila unajua wafadhili, ukianza kuwarekebisha wanaona hatujipangi."

"Lakini kazi..."

"Kazi sisi wote tunajua ni yako. Sisi tunajua. Si inatosha?"

Akaenda kwa mshkaji. Wakasimama kwenye ngazi, karibu na mtungi wa maji.

"Dada, wallahi nilikuwa nasubiri bosi aseme."

Na bosi, alipoulizwa, akasema alikuwa anasubiri mdada mwenyewe aseme. Watu watatu wenye ukweli mmoja mezani, kila mtu kamwachia mwenzake. Uongo haukuhitaji hata mtu wa kuusema.

"KAKA MITANDAO"

Jioni ile kwenye mwendokasi, amesimama, kashikilia bomba, mkono mmoja una simu, akamwaga yote kwa mtu pekee aliyekuwa naye usiku ule.

"Kaka, hutaamini. Ile kazi tuliyokesha. Ripoti imenigeuza mwanaume, na sasa mwanaume amepewa mkataba. Kaka, hivi mtu afanye nini ndo aonekane yeye ndiye?"

Basi likaondoka Shekilango. Likapita Ubungo. Akaona yule mtu anaandika, anaacha, anaandika.

"Pole sana mdogo wangu. Inauma, naijua. Ila na mimi nikuambie kitu usikasirike. Miezi minne unaniita kaka."

Halafu ya pili: "Mimi ni mama wa watoto wawili."

Mdada alisoma hiyo meseji mpaka akapitiliza kituo.

Akarudi nyuma kwenye chati, miezi yote minne. Hakuna mahali yule mtu aliposema ni mwanaume. Hakuna hata sentensi moja. Alisema "nimeangalia", alisema "nitakutumia", alisema "kalale". Kiswahili kilimwacha wazi kama kiti kisicho na mtu, na mdada mwenyewe, anayeulizwa kila wiki "injinia mwenyewe yuko wapi", ndiye aliyekalisha mwanaume pale. Alitosheka na nembo ya Yanga na ujuzi wa seva. Hata wewe unayesoma, pengine ulishamchorea ndevu.

Maana lugha yetu haina "he", sawa. Lakini ina "kaka". Ina "mkuu", ina "kiongozi", ina "mzee". Ina "dada", ambayo ni heshima kabisa, ila ndiyo hiyo hiyo tunayomwitia anayetufulia nguo na anayetuletea maji kikaoni. Tunasema "dereva wa kike", "rubani mwanamke", "injinia wa kike". Nani amewahi kusema "injinia wa kiume"? Tukisema "vijana wetu wa IT" kila mtu kichwani anaona mashati. Na binti akiifanya kazi vizuri kupita kiasi, tunamsifia kwa kumtoa kwenye jinsia yake: jike dume. Viwakilishi havina kosa. Kosa liko kwenye macho, na macho hayana sarufi.

"Nisamehe dada yangu. Sina cha kusema," akaandika akiwa amesimama kituoni Kimara.

"Usijali. Nilikuacha makusudi. Ukiniita kaka ulikuwa unajibu haraka na hubishi. Wengine wakijua ni mwanamke wanaomba waongee na msimamizi wangu."

Hapo mdada akacheka, halafu akaacha kucheka. Kwa sababu na yeye kwenye GitHub, kule waandishi wa programu wanakoweka kazi zao, alijisajili kwa herufi mbili tu za majina yake, na picha ya paka. Alijiambia ni staili. Siyo staili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu watu wanaopeleka marekebisho kwenye miradi ya GitHub ulionyesha kwamba kwa ujumla kazi za wanawake zilikubaliwa zaidi kuliko za wanaume. Lakini mwanamke akiwa mgeni kwenye mradi na jinsia yake ikajulikana, kukubaliwa kulishuka. Wanawake wengi hawajasoma huo utafiti. Wameunusa tu, wakaweka paka.

PICHA YA 1946

Usiku yule dada wa kampuni ya simu akamtumia picha ya zamani, nyeusi na nyeupe: wanawake wamesimama mbele ya mashine iliyojaa nyaya na swichi, kubwa kuliko chumba cha kupanga. Hiyo ni ENIAC, moja ya kompyuta za kwanza za kielektroniki, iliyoonyeshwa kwa umma Februari 1946, kwenye Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani.

Walioiandalia programu walikuwa wanawake sita. Wawili kati yao, Betty Snyder na Jean Jennings, ndio waliotayarisha hesabu ya mwendo wa kombora iliyowaacha wageni midomo wazi siku ile. Wakubwa wakapongezana, wakaenda kwenye chakula cha jioni cha sherehe. Wale wanawake hawakualikwa. Miaka ya 1980 mwanafunzi mmoja aitwaye Kathy Kleiman alipoziona picha hizo akauliza hawa ni akina nani. Akajibiwa ni mamodo, waliwekwa tu kuipendezesha mashine.

Na kichekesho ni kwamba neno "computer" lenyewe, kabla halijawa jina la mashine, lilikuwa jina la kazi. Mtu anayekaa na kupiga hesabu. Na wengi waliokuwa kwenye vyumba hivyo vya hesabu walikuwa wanawake.

"Wala usiende mbali mpaka Marekani," dada akaongeza. "Ushahidi ya Nairobi, ile ya 2008 ya kukusanya taarifa za vurugu baada ya uchaguzi, waanzilishi wake wamo Ory Okolloh na Juliana Rotich. Wanawake. Alafu mtu anakuja kukuambia wanawake ndo wanaanza kuingia kwenye teknolojia. Tulikuwemo. Hatukuandikwa majina."

Hilo la mwisho ndilo lililomkaa kichwani. Kuandikwa jina.

BARUA PEPE YA MISTARI MITANO

Kesho yake hakuandika barua ya hasira. Aliyokuwa ameshaiandika kichwani ilikuwa kali kweli, ina maneno ya haki na ubaguzi, lakini baada ya ile "miezi minne unaniita kaka" hakuwa na mdomo wa kuituma kama alivyoipanga. Aliandika mistari mitano kwa bosi, nakala kwa mshkaji.

Alisema ripoti ilikuwa nzuri na anaishukuru. Aliomba irekebishwe sehemu tatu tu: kila palipoandikwa "injinia wetu", liwekwe jina lake kamili. Kila mahali. Aliomba jina la mhudumu wa ofisi nalo liwekwe, maana naye kageuzwa. Na aliomba itumwe upya kabla mkataba haujasainiwa, kwa sababu, aliandika, "'sisi tunajua' hailipi kodi ya nyumba."

Bosi akakaa kimya siku tatu. Ukiwahi kufanya kazi ofisi ya watu tisa unajua kimya cha siku tatu kinavyokuwa. Mtu anakusalimia akiangalia laptopu.

Siku ya nne kukawa na kikao kingine cha video, cha kupitia awamu ya pili. Viti vile vile. Kule Ulaya safari hii alikuwepo mtaalamu wao, mzee mmoja mwenye maswali. Akamuuliza mshkaji: taarifa mbili za muamala mmoja zikifika kwa wakati mmoja kabisa, mfumo wenu unazuiaje zote mbili zisiandikwe?

Lile lile la saa saba usiku.

Mshkaji alilijua jibu nusu. Mtu mwingine angejaribu kuogelea. Yeye akanyamaza, akajikuna shingo, halafu akasema kwa Kiswahili, kama anayejisemea mwenyewe, "Hii aliifanya yeye."

Kule upande wa pili hawakuelewa. "Yeye" wa Kiswahili haina uso. Mzee akauliza, nani?

Basi mshkaji akashika laptopu kwa mikono miwili akaigeuza. Nyaya zikavutika, kikombe cha bosi kikakaribia kuanguka, na kwenye skrini ile nusu ya mkono ikawa mtu mzima. Mshkaji akasema kwa Kiingereza, taratibu, kwamba injinia aliyekesha usiku ule ni huyu. Kwamba siku ile alipopongezwa alipaswa kusema, na hakusema. Kwamba anaomba radhi, kwao na kwake.

Mdada akalijibu swali. Alitumia kama dakika sita. Mzee akawa anaandika.

Bosi alituma ripoti mpya jioni ile ile, majina yote yakiwa mahali pake. Kesho yake alimpitia mdada mezani, akasimama, akazunguka zunguka kuhusu mvua na foleni, halafu akasema, "Mdogo wangu, nilidhani nakulinda na usumbufu." Mdada akamwambia asante bosi. Hakumwambia ni sawa.

MKATABA

Mkataba mpya ulichukua wiki mbili kurudi. Kiongozi wa kiufundi: jina lake, majina yote matatu, herufi zimenyooka. Posho ile ile. Mshkaji ni msaidizi wake, kama ilivyokuwa tangu mwanzo. Wanafanya kazi vizuri, ingawa kuna vitu bado havijarudi kama zamani. Chai wanakunywa pamoja. Stori za nyumbani bado.

Na mbele ya jina lake, kwenye ukurasa wa kwanza wa mkataba, mtu kule Ulaya alikuwa ameandika "Mr."

Mdada aliliangalia kwa muda. Alipiga picha akamtumia dada wa Yanga, ambaye alijibu kwa vikatuni vya kucheka machozi mstari mzima, halafu: "Angalau jina wamelipatia. Rudisha."

Akaurudisha. Mstari mmoja tu, wa upole, na marekebisho ya herufi mbili. Safari hii hakuona kama anajisikia. Ilikuwa kazi kama kazi nyingine, hitilafu ndogo ya kurekebisha kabla haijajiandika mara mbili.

Kodi ya Kimara imelipwa. Kwenye GitHub, paka ameondoka, jina lipo. Wageni wa asubuhi bado wanakuja na wanaulizia injinia mwenyewe, na maji bado anawapa, ila siku hizi anawapa baada ya kujitambulisha, siyo kabla.

Kitu cha mwisho alichofanya kilimchukua sekunde kumi. Alifungua simu, akatafuta "Kaka Mitandao", akafuta, akaandika jina kamili la mtu yule, aliloliomba kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne.

Sasa fungua na wewe simu yako. "Fundi Laptopu", "Kaka Tovuti", "Mkuu wa Mfumo", "Mtu wa IT". Hao ambao hujawahi hata kusikia sauti zao. Una uhakika wote ni kaka?